Besi ya Bundi Yalia Tena

Kidole gumba cha Karimi kiliganda juu ya uzi wa gitaa.

Sauti aliyoisikia dukani, ng'ambo ya pazia, haikuwa ya mteja wa kawaida. Ilikuwa ya Mbaka. Naam, Mbaka yule yule ambaye mtego wote huu ulikuwa unategwa kwa ajili yake!

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, nami najua wapo walionilaani juma zima. Haya, yamekwisha, tusonge. Aliyechelewa kufika naye ajue hili: Bundi, mpiga besi wa Bendi ya Thuci, aliokotwa nyuma ya migomba nyumbani kwao Nkubu, kichwa kimepasuka na gitaa lake halipo. Tangu siku hiyo amelala hospitali pale Meru mjini bila kufumbua jicho. Watu wakasema ni majambazi. Dada yake, Karimi, mwalimu wa darasa la tatu, akakataa. Jambazi gani huyo, anayeacha saa mkononi na kubeba gitaa kuukuu?

Tena asubuhi ile ile, Bundi na mwenzake wa bendi, Mbaka wa gitaa la rithimu, walikuwa wametukanana mbele ya watu, hadi wakashikana mashati.

Sasa Mbaka alikuwa amesimama hapo dukani, Majengo, hatua chache kutoka kwa Karimi. Pazia tu ndilo lililowatenga.

"Salaam aleikum, mama," alisema.

"Aleikum salaam," akajibu Dhahabo, mwenye duka. "Unataka nini, kijana wangu?"

"Nyuzi za gitaa." Akageuka kutazama mlangoni. "Na tena, mama... kuna mtu ameleta hapa gitaa ya besi kuuza? Nyekundu, ya zamani, imekwaruzika huku chini?"

Karimi alihisi damu ikimpanda kichwani.

Ampu, kile kipaza sauti cha gitaa, ilikuwa imewashwa, ikinguruma chini kwa chini. Uzi alikuwa ameubinya. Akiuachilia tu, utalia, na Mbaka ana masikio! Karimi akanyoosha mguu polepole, akatafuta swichi kwa kidole cha mguu, akaibonyeza.

Tap!

"Ni nini hiyo?" Mbaka aliuliza.

"Redio," Dhahabo alisema bila kupepesa. "Imezeeka kama mimi. Inawaka ikitaka, inazima ikitaka. Besi sina. Nyuzi ndizo hizi."

Mbaka hakuondoka upesi. Alisogea hadi kivuli chake kikaonekana kwenye pazia. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Ikiletwa, mama, tafadhali usimuuzie mtu. Niite pale hoteli ya stendi. Na usimwambie mtu nimeuliza. Hasa polisi."

Hasa polisi!

Kivuli kikaondoka. Karimi akaachilia pumzi, kisha akaachilia uzi. Nyuma yake, juu ya gunia la unga, mwanamume mrefu aliyevaa kiraia alikuwa ameketi muda wote huo, mkono mdomoni. Huyo ndiye Sajini Rage, mpelelezi aliyeletwa Meru kutoka Wajir, mtu wa maneno machache na subira nyingi.

"Umesikia, afande?" Karimi alinong'ona. "Si ndiye huyo? Mkamate!"

"Nimkamate kwa kuuliza dukani?" Rage alisimama, akajipangusa unga. "Mwalimu, wakili atanicheka. Mimi nataka gitaa yenyewe. Penye gitaa ndipo penye damu ya ndugu yako. Tuendelee vile tulipanga."

Na walivyopanga ndivyo hivi. Jumapili, Bendi ya Thuci ingepiga bugi, dansi la alasiri, katika ukumbi mmoja pale Meru mjini. Karimi angepanda jukwaani badala ya kaka yake, aliyemfundisha kupiga besi. Watu wangetangaziwa kwamba gitaa la Bundi limepatikana. Aliyeliiba akiisikia sauti yake, moyo utamruka. Atataka kwenda kuangalia alikolificha. Na Rage atakuwa kisogoni mwake.

Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho kikubwa. Gitaa lenyewe halikuwepo. Ilibidi lipatikane jingine lenye kusema kwa sauti ile ile, maana mwizi, yeyote yule, alikuwa mtu anayeijua.

"Chagua basi," alisema Rage. "Saa zinaenda."

Magitaa matatu yalikuwa mkekani.

La kwanza waliliazima Embu kwa mwenye klabu. Jipya, la Kijapani, jeupe kama jino. La pili lilikuwa la Dhahabo. Mumewe marehemu alikuwa msafirishaji, na abiria walimwachia vitu vya kila namna. Lilikuwa jekundu, kuukuu, pacha kabisa wa lile la Bundi. La tatu lilikuwa dogo, la kahawia, tumbo wazi ndani kama kibuyu, na ufa mbavuni. Mtu angelitupa kwenye kuni.

Rage alikwisha kuokota lile jekundu.

"Hii. Hata mimi ningedanganyika."

"Wewe ungedanganyika kwa sababu unatumia macho," Karimi alisema. "Afande, ngoja usikie."

Akawasha ampu. Akaanza na jeupe. Sauti ikatoka kali, inang'aa, inakatakata hewani kama bati linalopigwa na mvua ya mawe. Karimi aliliweka chini hata kabla ya kumaliza mstari.

Akachukua jekundu. Moyo ukamdunda, maana hata uzito wake ulikuwa ule ule. Akapiga. Nyuzi zilikuwa mpya, zenye sauti ya kukwaruza, na kila noti ilivutika kama mbwa anayelia mbali. Akamwomba Dhahabo kipande cha sponji, akakatiwa kwenye mto wa kiti, akakibana chini ya nyuzi pale mwisho, jinsi Bundi alivyozoea. Akapiga tena.

Sauti ikafa. Ikawa kama mtu anayeongea chini ya blanketi tatu.

"Mbaya?" Rage aliuliza.

"Mbaya sana. Besi ya Bundi haikuwa inavuma, na haikuwa bubu. Ilikuwa nene, fupi, kavu. Kama ngumi kwa mlango wa mbao. Ndiyo ile iko kwa santuri zote za Thuci. Alikuwa anapigia sebuleni na ampu ya betri, na sisi tuko jikoni na mama, na sufuria zinatetemeka. Hiyo sauti naijua kuliko sauti yangu."

"Lakini watu wataona! Ukipanda na hiyo kitu ya kahawia, Mbaka ataona si yenyewe, kwisha maneno!"

"Bundi alikuwa anapiga akiwa amekaa, nyuma ya ngoma. Nitakaa hapo hapo, na shuka nijifunike mapajani. Macho ya watu naweza kuyafunga, afande. Masikio siwezi."

Waliangaliana. Rage hakuwa amezoea kupingwa na mwalimu wa watoto. Mwishowe akaliweka jekundu chini.

Karimi akalipakata lile la kahawia. Shingo yake ilikuwa fupi. Nyuzi zilikuwa laini, zimesuguliwa bapa, zimekaa miaka bila kubadilishwa hadi zimepoteza kelele zote za ujana. Akakihamisha kile kipande cha sponji, akakibana kidogo tu, si sana. Akapunguza ukali kwenye ampu mpaka mwisho. Akaacha vidole vyote, akapiga kwa kidole gumba peke yake.

Du. Du-du. Du.

Haikuwa yenyewe. Ilikuwa nene mno, imejaa tope.

Akausogeza mkono nyuma, karibu na sponji, mahali ambapo nyuzi ni ngumu. Akapiga tena.

Nywele za mikono yake zilisimama.

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Dhahabo alikuwa ameshika bilauri mbili za chai ya tangawizi, na chai inamwagika.

"Nilidhani mmefungulia redio," alisema. "Si huyo ndiye yule kijana wa Thuci? Amepata nafuu?"

Karimi alikuwa ameinamisha uso juu ya gitaa, mabega yanatikisika, lakini kidole hakikuacha kupiga.

Jumapili ilifika na jua lake. Watu walianza kujipanga mlangoni mapema, waliotoka kanisani na suti zao, vijana wa Maua na suruali zao pana, hata wafanyakazi wa mashamba ya ngano walioteremka kutoka Timau wakiwa na makoti mazito. Habari ilikuwa imeenea: gitaa la Bundi limepatikana! Hakuna aliyetaka kuhadithiwa.

Njeru, kiongozi wa bendi na mpiga solo, alimshika Karimi mkono nyuma ya jukwaa. Yeye ni mtu wa Embu, mkubwa, mcheshi, lakini leo hakuwa na utani.

"Dada yangu, polisi wamekupatia gitaa na wewe hutaki hata tuione?"

"Nimeambiwa isishikwe na watu, Njeru. Ina alama za vidole."

Uongo ulimtoka vizuri kuliko alivyotarajia. Njeru akatikisa kichwa. Jedidah, mwimbaji, alimkumbatia. Na Mbaka? Mbaka alisimama kando, anakaza nyuzi zake mpya, macho hayabanduki kwenye mfuko mweusi alioubeba Karimi.

Karimi aliketi nyuma ya ngoma. Akajifunika shuka hadi kifuani, kama mtu mwenye baridi. Kwenye mlango wa pembeni, Sajini Rage alikuwa ameegemea ukuta na soda mkononi.

Njeru akahesabu. Moja, mbili, moja, mbili, tatu!

Du. Du-du. Du.

Ukumbi mzima ulipiga kelele. Watu walikumbatiana. Mzee mmoja alivua kofia yake akaitupa juu, haikuonekana tena. Kwa waliokuwa mle ndani, Bundi alikuwa ameamka.

Karimi hakuwatazama. Aliwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, kama Rage alivyomwagiza.

Njeru alikuwa amefumba macho, anatabasamu, solo inamtiririka mikononi.

Jedidah alikuwa akiimba na machozi yanashuka, sauti haikutetemeka.

Mbaka alikuwa ameacha kupiga.

Mkono wake ulining'inia. Uso ulikuwa umemparara kama majivu. Mlangoni, Rage aliiweka soda chini.

Kimbia, Karimi alisema moyoni. Kimbia, katili wewe, tukufuate!

Mbaka hakukimbia. Aligeuka akaja. Alipita nyuma ya Njeru, akaruka waya, akaja moja kwa moja kuelekea ngoma, ana gitaa lake mkononi limeshikwa shingo kama rungu. Rage alianza kusukuma watu. Watu walikuwa wengi. Hawezi kufika!

Karimi alibana meno akaendelea kupiga. Kidole gumba kilimuuma. Mbaka akainama juu yake hadi Karimi akaisikia pumzi yake.

"Umeitoa wapi?" Mbaka alisema. "Karimi, niambie! Nimeitafuta mpaka nyayo zimekwisha. Nimeenda kwetu Kiritiri kwa wauza makaa, nimefunguliwa magunia moja moja. Nimeuliza Majengo. Nilijiapia nitamjua aliyempiga Bundi kabla polisi hawajanifunga bure kwa sababu ya ule ugomvi. Sasa wewe umeipata. Alikuwa nayo nani?"

Karimi aliinua macho. Alitafuta uongo kwenye uso ule, akatafuta tena. Aliona mtu aliyechoka, mtu ambaye hakulala vizuri tangu rafiki yake aokotwe.

"Ulisema polisi wasijue," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mbaka alishtuka. "Wewe ndiye ulikuwa kwa hiyo redio?"

Kisha macho yake yakateremka. Shuka ilikuwa imeteleza. Chini yake, mbao za kahawia, ufa mbavuni.

"Hii si yake," Mbaka alisema polepole. "Karimi. Hii si yake! Mlitaka kumnasa mtu. Mlitaka kuninasa mimi."

Hakuna kitu kinachouma kama kutazamwa vile na mtu uliyemdhania vibaya. Karimi alitamani sakafu ipasuke. Lakini kidole gumba, hicho hakikujua aibu, kiliendelea, du, du-du, du, na watu wakaendelea kucheza, na Sajini Rage akafika pembeni ya jukwaa, jasho linamtoka, anauliza kwa macho: vipi?

Karimi alimtikisia kichwa. Siye.

Mtego ulikuwa umeshindwa. Hakuna aliyekimbia. Hakuna hata mmoja.

Ndipo watu walio karibu na mlango mkubwa walipoanza kupisha.

Mwanzo Karimi aliona kitambaa cha kichwani, cheupe, cha kina mama wa kanisa. Akaona sweta ya kijani. Akadhani macho yanamdanganya. Mama yake! Mama Cicily, ambaye tangu Bundi aanze muziki hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi, hata kwa kupita tu, ambaye hakuwa ameondoka kando ya kitanda cha mwanawe tangu alazwe. Alikuwa anakuja katikati ya wachezaji, anahema, viatu vimejaa vumbi la barabara ya hospitali. Uso wake ulikuwa na habari. Furaha ilikuwa imeujaa, furaha ambayo haijasemwa bado.

Bundi amekufa, Karimi aliwaza. Hapana. Mtu hakimbii hivi kwa kifo.

Mama Cicily alifika katikati ya ukumbi. Hapo ndipo aliposimama.

Alisimama kama aliyegonga ukuta. Akageuza kichwa, akasikiliza. Ile furaha ikamtoka usoni. Akaweka mikono yote miwili masikioni, akaiondoa, akasikiliza tena. Kisha akaja mbio jukwaani, akapanda ngazi kwa magoti, akamshika Karimi mabega.

"Nani ameifukua?" alisema kwa Kimeru. "Niliizika kwa mikono yangu mimi mwenyewe! Karimi, niambie, ni nani ameifukua?"

Kidole gumba kikasimama.

Kwa mara ya kwanza besi ilinyamaza, na muziki ukapwaya kama hema lililokatwa kamba. Watu wakazomea. Njeru, fundi wa jukwaa, akauokoa wimbo kwa solo ndefu huku akitupa jicho nyuma.

"Mama," Karimi alisema. "Mama, unasema nini?"

Mama Cicily alitazama mapajani mwa bintiye. Aliona mbao za kahawia. Aliona ufa. Akaelewa alichosema, na kwamba hakuna wa kumrudishia maneno yale mdomoni. Akaketi chini kwenye mbao za jukwaa kama mzigo ulioteremshwa.

"Nilikuja kukwambia amefumbua macho," alisema, bado kwa Kimeru, kwa sauti isiyo na mtu ndani. "Bundi amefumbua macho. Nilikuja kukwambia hilo tu."

Buti zikagonga ngazi. Sajini Rage.

"Mama amesema nini?"

Karimi alimtazama mama yake. Rage wa Wajir hakujua Kimeru hata salamu. Mpiga ngoma alikuwa amezibwa masikio na kelele zake; waliosikia walikuwa watatu tu pale nyuma: mama, yeye, na mwanamume aliyekuwa amesimama na gitaa la rithimu mkononi, mtu wa Kiritiri aliyepiga dansi Meru miaka yote hii na kukijua Kimeru kama mwenyeji.

Mtu ambaye walikuwa karibu kumtia pingu bure.

Mbaka alimtazama Karimi. Akamtazama mama aliyekaa chini, kitambaa kimemteleza, mvi nje.

"Afande," alisema. "Mama ameleta habari njema. Bundi amefumbua macho."

Karimi alifumba yake.

"Kweli, mama?" Rage alichuchumaa mbele yake, kwa heshima. "Anaongea? Amesema kitu?"

Mama Cicily alijua Kiswahili cha sokoni. Alitikisa kichwa kuitikia kabla hajafikiri, na jibu likamtoka: "Kidogo."

"Alhamdulillahi!" Rage alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Karimi amjue, alikuwa anacheka. "Tumehangaika na magitaa bure! Kumbe mwenyewe atatuambia kwa mdomo wake nani alimpiga. Gari iko nje. Twendeni wote, sasa hivi, kabla usingizi haujamchukua tena."

Akageuka, akaanza kuwapasua watu njia kuelekea mlangoni.

Karimi aliliweka gitaa la kahawia chini. Akamshika mama yake mkono kumwinua. Ule mkono ulikuwa baridi, nao ukakaza kiganja chake kwa nguvu ambayo hakuijua kwa mama yake.

"Mwanangu," Mama Cicily alinong'ona, na nje injini ya Landrova ilikuwa imeshaanza kunguruma. "Huyo askari asimfikie Bundi kabla yangu. Fanya lolote. Asimfikie."